Paja limekufa ganzi, nyonga bado inauma: bloku inakosea wapi?

#1 Mwanagenzi_Wete
Assalaam aleikum wakuu. Kuna jambo linajirudia sana wodini, nataka tulichambue. Chukueni mfano huu: bi mkubwa wa miaka 78, kilo 42, kavunjika shingo ya fupa la paja, kawekewa nusu ya nyonga ya bandia kwa sindano ya mgongo (ganzi inayoua miguu yote miwili). Kabla hajatoka thieta kapigwa bloku ya fasia iliaka, yaani dawa ya ganzi chini ya utando wa kinenani ili kuzima neva za paja: mililita 30 za bupivakeini ya asilimia 0.25. Ukimpitishia pamba ya spiriti mbele na ubavuni mwa paja, hasikii baridi. Goti hawezi kulinyoosha. Bloku imeshika. Ikifika saa nne usiku analia, na ukimwuliza wapi, anatia mkono nyuma ya kitako, kisha kwenye kinena kwa ndani.

Dai langu: bloku hii tunaisifu kuliko inavyostahiki. Inaua paja, nyonga inaiacha macho. Anayepinga aje na hoja neva kwa neva.

#2 Ganzi_Kwanza
Waalaikum salaam. Dai lina ukweli, lakini umelitupia lawama kapu zima kwa embe moja.

Nyonga hailishwi na neva moja. Mfuko wa kiungo kwa mbele unapata matawi ya neva ya paja na ya obtureta (ile ya upande wa ndani wa paja), na baadhi ya watu wana obtureta ya ziada. Kwa nyuma kuna tawi liendalo msuli wa mraba wa paja, neva ya juu ya kitako, na matawi ya siatiki, ile neva kubwa ya nyuma ya mguu. Ncha za kupokea maumivu zimejaa zaidi mbele, ndiyo maana sote tunapigania mbele.

Sasa jambo ambalo wengi hulisahau: yale matawi ya neva ya paja yanayokwenda kwenye mfuko wa kiungo huchomoka juu, kabla neva haijapita chini ya kano la kinena. Ukipiga dawa chini ya kano na isipande, umeikamata neva ikiwa imeshatoa matawi yake. Paja litakufa, goti litalegea, na kiungo chenyewe kitabaki kinasikia. Kwa hiyo swali la kwanza: ilipigwa juu ya kano au chini? Kwa utrasaundi au kwa alama za mwili?

#3 Mwanagenzi_Wete
Chini. Alama za mwili, mashine haikuwepo.

#4 Kijana_wa_Mkoani
Samahani wakubwa zangu. Kama ni obtureta iliyokosekana, si tungeiona kwenye ngozi? Ngozi ya ndani ya paja ikiwa imekufa, bas obtureta imekufa. Na kama dawa haitoshi, kwa nini asipewe mililita 40 za asilimia 0.5 tukamaliza?

#5 Ganzi_Kwanza
Mwanangu, mawili hayo yote yasahihishwe kabla hayajafika kwa mgonjwa.

La kwanza: ngozi ya ndani ya paja haipimi obtureta. Kwa watu wengi pahala pale panalishwa na neva ya paja, na wengine obtureta haiwapi ngozi hata kidogo. Obtureta hupimwa kwa nguvu: mwambie mgonjwa abane mapaja, wewe umeweka ngumi katikati ya magoti, na ulinganishe na alivyobana kabla ya sindano. Kumbuka neva ya paja nayo inasaidia kidogo kubana, kwa hiyo nguvu haiishi yote.

La pili namwachia mfamasia, maana limenitia jasho.

#6 Mfamasia_Darajani
Nimelipokea. Asilimia 0.5 maana yake miligramu 5 kwa kila mililita. Mililita 40 ni miligramu 200. Kwa bi mkubwa wa kilo 42 hiyo ni karibu miligramu 5 kwa kilo, na kikomo tunachofuata ni 2. Kikomo chake ni miligramu 84. Nukta.

Na hata zile mililita 30 za asilimia 0.25 alizopewa ni miligramu 75. Ukijumlisha miligramu 12.5 za sindano ya mgongo umefika 87.5. Dozi ya mgongo haina uzito sawa na ya bloku, lakini naiandika kwenye karatasi vilevile, kwa sababu mpasuaji naye mara nyengine hupenda kumwagia lignokeini kwenye kidonda bila kumwambia mtu wa ganzi. Dawa hizi zote za ganzi sumu yake hujumlishwa. Kikomo cha lignokeini hakianzi upya kwa kuwa jina limebadilika.

Jambo jengine: kuna bupivakeini nzito, ile ampuli ndogo ya mililita 4 yenye sukari ndani. Hiyo ni ya mgongo. Isiingizwe kwenye bloku. Soma lebo mara mbili, na mwengine akusomee kwa sauti.

#7 Sista_wa_Zamu
Mimi nina swali moja kwa mwenye uzi. Hiyo pamba ya spiriti ilipitishwa saa ngapi?

#8 Mwanagenzi_Wete
Saa nane mchana, baada ya kufika wodini. Sindano ya mgongo ilikuwa saa tano.

#9 Sista_wa_Zamu
Basi mmepima sindano ya mgongo, hamkupima bloku. Saa nane miguu yote miwili ilikuwa imekufa. Ni sawa na kupima kanzu mtu akiwa kajifunika shuka.

Kipimo kinachosema kweli ni hichi: pitisha baridi kwenye mguu usiopasuliwa kwanza. Akisikia, na akavinyanyua vidole na kuukunja mguu huo, ndipo uje kwenye mguu wa mshono. Tofauti baina ya miguu miwili ndiyo bloku. Kama yote miwili haisikii, andika "bado sindano ya mgongo" na urudi baada ya saa moja. Kwenye chati nyingi hapo pameandikwa alama ya vema tu, na usiku unapofika hakuna ajuaye bloku ilishika au haikushika tokea mwanzo.

#10 Mwanagenzi_Wete
Shukran sista, hilo nalikubali. Lakini saa nne usiku goti lilikuwa bado halinyooki, na mguu wa pili ulikuwa mzima.

#11 Fundi_Mazoezi
Goti kutonyooka si ushahidi tosha. Nyonga ikiuma, mwili wenyewe huzizima nguvu za misuli ya mbele ya paja. Mgonjwa asiyepigwa bloku yoyote naye siku ya kwanza hushindwa kunyanyua mguu ulionyooka. Ukitaka kutofautisha, shika kisigino, uubebe uzito wa mguu wewe, weka taulo lililokunjwa chini ya goti, kisha mwambie alisukume taulo chini. Weka kiganja juu ya paja. Misuli ikikaza hata kidogo chini ya kiganja, neva inafanya kazi na kinachomzuia ni maumivu. Ikiwa laini kabisa kama unga uliokandwa, hiyo ni bloku.

#12 Mpasuaji_Nyonga
Kabla hamjafika mbali na neva zenu, tazameni mguu. Mgonjwa aliyetulia kisha akaanza kulia ghafla, kwanza linganisha urefu wa miguu miwili na uelekeo wa vidole vya mguu. Aliyepasuliwa kwa nyuma, mguu ukifupika na kugeukia ndani, nyonga imetoka. Hiyo inataka picha ya eksirei, si dozi ya pili ya bupivakeini.

Pia tazama kidonda kama kimevimba damu, na kibofu. Mzee aliyepigwa sindano ya mgongo, saa nne usiku hajakojoa, anaweza kuwa na mkojo wa lita nzima, naye atakushika kinena na kusema "nyonga". Gonga chini ya kitovu kabla ya kutafuta mofini.

Na maumivu ya nyuma ya kitako yana sababu nyepesi: mkato wenyewe. Sehemu ya juu ya mkato wa nyuma huingia kwenye ngozi ya kitako, na ngozi ile hailishwi na neva yoyote mliyoitaja. Inapata matawi kutoka ubavuni chini ya mbavu na kiunoni. Fasia iliaka hata ikipigwa na malaika haitoifika.

#13 Ganzi_Kwanza
Nakubaliana na dokta kuhusu ngozi. Sikubaliani kwamba ndiyo sababu kuu. Maumivu ya ngozi mgonjwa huyaonyesha kwa kidole kimoja, juu ya bandeji. Huyu kaonyesha kinena kwa ndani. Hiyo ni sura ya kiungo.

#14 Mwalimu_wa_Ganzi
Naongeza historia kidogo, maana ugomvi huu ni wa zamani. Mwaka 1973 daktari wa ganzi Winnie alidai kwamba sindano moja kinenani hukamata neva tatu pamoja: ya paja, ya ngozi ya ubavuni mwa paja, na obtureta. Mwaka 1989 Dalens akaja na fasia iliaka kwa watoto, akaonyesha ubavu unakamatika vizuri zaidi. Obtureta ikaendelea kutoroka, na picha za MRI baadaye zikaonyesha kwa nini: dawa iliyopigwa chini ya kano haiendi ilipo, kwa sababu obtureta inapita kwa ndani ya msuli wa soasi (utokao kiunoni hadi pajani), upande wa fupanyonga. Mwaka 2011 Hebbard na wenzake wakaipandisha sindano juu ya kano. Mwaka 2018 Girón-Arango, Peng na wenzao wakaja na PENG (bloku ya kundi la neva zinazouzunguka mfuko wa kiungo), inayolenga matawi ya mfuko wa kiungo wenyewe na kuiacha neva kubwa.

Kwa hiyo mwenye uzi anailaumu bloku ya 1989 kwa kazi ambayo haikuifanya hata ilipozaliwa.

#15 Kijana_wa_Mkoani
Mwalimu, tuelekezeni hatua. Ya alama za mwili na ya juu ya kano.

#16 Mwalimu_wa_Ganzi
Ya alama za mwili. Mgonjwa chali. Tafuta ncha ya mbele ya fupanyonga kwa juu, na kifundo cha mfupa wa kinena. Chora mstari baina yao, ugawe mara tatu. Pale theluthi ya nje inapokutana na ya kati, shuka sentimita 1 kuelekea mguuni. Hapo ndipo pa kuingilia. Gusa ateri ya paja: iwe ndani zaidi ya sindano yako. Ukisikia mpigo chini ya kidole unachotaka kuchomea, umepima vibaya, rudi kwenye mstari.

Sindano iwe butu. Kali hupenya tando bila kukuambia. Tundua ngozi kwanza kwa sindano ya kawaida, kisha ingiza ile butu. Utasikia mdundo wa kwanza, utando wa paja; endelea taratibu, mdundo wa pili, fasia iliaka. Wengi husimama kwenye mdundo wa kwanza wakadhani wamefika. Hapo dawa inamwagika baina ya tando mbili, na hiyo pekee inaeleza bloku nyingi zinazofeli. Vuta bomba uone kama damu, sukuma mililita 5, vuta tena, sukuma 5. Dawa iende laini. Ikikataa umo ndani ya msuli, rudi nyuma milimita moja au mbili. Kanda kwa kiganja chini ya sindano ili dawa ipande juu. Ngoja nusu saa.

Ya juu ya kano inataka mashine. Kipimo bapa (kile kichwa cha utrasaundi) kisimame wima, sambamba na mwili, kwa ndani kidogo ya ncha ya fupanyonga. Utaona misuli miwili imekutana kama tai ya kipepeo: wa satoriasi upande wa mguu, wa tumbo upande wa kichwa, na chini yake msuli wa iliaka umelala juu ya mfupa. Juu ya fasia kuna ateri ndogo. Sindano inatoka upande wa mguu kuelekea kichwani, inatoboa fasia, unajaribu kwa mililita 2 za maji ya chumvi. Umefika ukiona msuli unashuka, ateri inanyanyuka, na maji yanakimbilia upande wa tumbo. Yakitengeneza duara yakakaa palepale, umo ndani ya msuli.

Bloku hii inaishi kwa ujazo, mililita 40 hivi. Kwa kilo 42: chukua mililita 16 za asilimia 0.5, ongeza maji ya chumvi mililita 24. Unapata mililita 40 za asilimia 0.2, miligramu 80, chini ya kikomo.

#17 Ganzi_Kwanza
Na PENG: kipimo cha mviringo, kilazwe kufuata tawi la juu la mfupa wa kinena. Tafuta kano la soasi limekaa kwenye kijibonde cha mfupa. Sindano ya sentimita 10 itoke nje kwenda ndani, iguse mfupa chini ya kano, mililita 20. Dawa ilinyanyue kano, isiingie ndani ya kano. Ateri na vena vipo karibu, kibofu nacho hakiko mbali kwa mwembamba, kwa hiyo ncha ya sindano isipotee machoni hata mara moja. Ngozi haipati kitu, ongeza mililita 5 kwa neva ya ngozi ya ubavuni mwa paja. Jumla kwa asilimia 0.25 ni miligramu 62.5.

#18 Mpasuaji_Nyonga
PENG kwa aliyevunjika, kabla ya upasuaji, naiunga mkono: anageuzwa, anakalishwa kwa ajili ya sindano ya mgongo, na hapigi kelele. Baada ya upasuaji nina shaka. Mfuko wa kiungo nimeupasua, na pengine nimeukata sehemu. Mnaizungushia dawa nyumba iliyobomolewa.

#19 Ganzi_Kwanza
Neva zilizokatwa zinauma vilevile, dokta. Shina lake liko palepale kwenye mfupa.

#20 Fundi_Mazoezi
Kwangu PENG ina faida moja kubwa: mguu unabaki na nguvu. Lakini msiitegemee upofu. Ujazo ukizidi, dawa husambaa ikaifikia neva ya paja, goti likalegea. Mgonjwa yeyote wa bloku, asisimame kabla hajakaza paja nililoeleza #11, na wawe watu wawili pembeni, mmoja kaziba goti kwa mbele. Anayeanguka saa ya choo anarudi thieta.

Na kwa kuwa tumetaja choo: aliyepasuliwa kwa nyuma, choo cha kuchuchumaa ni marufuku wiki zile za mwanzo, nyonga isikunjwe kupita digrii 90. Mtengenezeeni kiti chenye tundu, kirefu kuliko goti lake. Swala aswali kwenye kiti, arukuu na kusujudu kwa kuinamisha kichwa. Elezeni kabla hajaondoka. Wazee wetu wataficha maumivu kuliko kuacha sijida.

#21 Sista_wa_Zamu
Ahsante kwa hilo. Narudi kwenye saa nne usiku, maana naona mmelikimbia. Bloku ilipigwa kabla ya kutoka thieta, tuseme saa sita na nusu. Bupivakeini ya asilimia 0.25 inaweza kwisha baada ya saa 8 hadi 12, wengine zaidi. Hesabuni wenyewe: inaisha usiku. Na mara nyingi karatasi imeandikwa "parasetamo akihitaji". Alikuwa hasikii kitu, hakuhitaji, hakupewa. Dawa ya ganzi ikaondoka akakutana na maumivu yote kwa pamoja, tumbo halina hata kidonge.

Kwa kilo 42 parasetamo iende kwa uzito, miligramu 15 kwa kilo, yaani 630 hivi, kila saa 6, auombe au asiuombe. Ya kwanza ianze bloku ikiwa bado hai.

#22 Mfamasia_Darajani
Naam. Mwongozo wa PROSPECT (jopo la wataalamu wa maumivu ya baada ya upasuaji) wa 2021 kwa nyonga ya bandia ya kupangwa umeweka msingi huohuo: parasetamo, dawa ya jamii ya diklofenaki kwa anayeiweza, deksamethasoni, kisha bloku ya fasia iliaka ya sindano moja au dawa ya ganzi kwenye kidonda. Kwa huyu wa miaka 78 aliyekaa siku mbili hajala wala kunywa vizuri, diklofenaki naishikilia mpaka nione figo. Deksamethasoni ya mshipani inarefusha bloku, ila pima sukari. Petidini msimpe mzee, mabaki yake yanamchanganya akili.

#23 Mwalimu_wa_Ganzi
Wapo wanaotatua usiku kwa kutia mofini mikrogramu 100 kwenye sindano ya mgongo. Inafanya kazi. Hatari iko kwenye kuchanganya. Ampuli ya miligramu 10: iifikishe mililita 10, sasa kila mililita ina miligramu 1. Chukua mililita 1 ya hiyo, ifikishe tena mililita 10: kila mililita ina mikrogramu 100. Ukiruka hatua moja umempa mara 10. Iwe mofini isiyo na kihifadhi. Na pumzi zihesabiwe kila saa mpaka asubuhi, kwa sababu kupumua kunaweza kuzimika saa nyingi baadaye. Wodi yenye muuguzi mmoja kwa vitanda 30 isiguse njia hii.

#24 Bahari_ya_Kusini
Kwa wanaovushwa kutoka Pemba kuja Unguja na boti: bloku kabla ya safari ni rehema, lakini isipigwe bandarini. Ipigwe spitali, mgonjwa aangaliwe nusu saa na zaidi, ndipo atoke. Kabla ya sindano pima kama anavinyanyua vidole vya mguu, na uandike. Akifika ng'ambo mguu umelegea kifundoni, wataisingizia bloku, na fasia iliaka haina mamlaka na kifundo. Hiyo ni siatiki, na sababu itafutwe. Karatasi ibebwe: dawa gani, miligramu ngapi, saa ngapi. Anayempokea asije akampiga ya pili.

Na aliyeanguka mkarafuu akavunja fupa la paja katikati, paja likazidi kukaza na kuvimba, hapo kaangalieni shinikizo la misuli kwanza. Bloku nzito inaweza kuificha.

#25 Kijana_wa_Mkoani
Dawa ikiingia kwenye damu kwa bahati mbaya, huyu wa kilo 42 anatibiwaje?

#26 Mfamasia_Darajani
Atasema masikio yanavuma, mdomo umekufa, ladha ya chuma. Au atahangaika tu, kisha degedege, kisha moyo. Simamisha sindano, oksijeni, zuia degedege kwa midazolamu au diazepamu. Emulsheni ya mafuta ya asilimia 20: mililita 1.5 kwa kilo, kwake 63, zisukumwe ndani ya dakika 2 au 3. Kisha 0.25 kwa kilo kwa dakika, kwake mililita 10.5 kila dakika. Jumla isizidi 12 kwa kilo, yaani 504. Adrenalini kidogo kidogo, isizidi mikrogramu 1 kwa kilo kila dozi. Propofoli nayo ni nyeupe lakini si badala yake, inaudhoofisha moyo. Chupa iwe ndani ya chumba cha sindano. Iliyo kwenye stoo iliyofungwa saa tisa usiku ni sawa na isiyokuwepo.

#27 Mwanagenzi_Wete
Shukran wote. Nimepata sababu sita kwa mgonjwa mmoja: matawi ya juu, obtureta, ngozi ya kitako, mdundo wa kwanza, dawa kwisha, kibofu. Dai langu nalilegeza lakini siliondoi, maana bado hakuna aliyeniambia kwa nini nyuma ya kitako panauma kwa wale waliopasuliwa kwa mbele.

#28 Ganzi_Kwanza
Mfuko wa nyuma na siatiki. Nilisema #2.

#29 Mpasuaji_Nyonga
Au kalala chali kwa muda wa saa 9 juu ya godoro jembamba. Mgeuzeni, muwekee mto baina ya mapaja, ndipo mniambie.

#30 Sista_wa_Zamu
Dokta, bandeji zenu zinafunika ncha ya fupanyonga. Kabla ya kubandika, tieni alama ya kalamu, ili anayetaka kurudia bloku ajue pa kuanzia kupima.